Mahakama ya Mwanzo: Njia ya Mnunuzi wa Same Kudai Haki Yake Bila Kuuza Ng'ombe

Katika utani unaozunguka Mkoa wa Kilimanjaro, kisa kinachojulikana sana ni kile cha Mpare aliyeuza ng'ombe ili apate fedha za kuendeshea kesi ya kuku. Watani wake hukisimulia kwa kicheko, na Wapare wenyewe hukipokea bila kununa, kwa kuwa ndani yake mna sifa na kejeli kwa pamoja: sifa ya mtu asiyekubali kudhulumiwa hata kwa kitu kidogo, na kejeli kwa mtu asiyepiga hesabu kabla ya kuanza safari.

Mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu hujikuta katika kisa hicho hicho. Paneli ya sola isiyochaji, simu iliyozima baada ya wiki mbili, bomba la kupulizia dawa linalovuja au pampu iliyokufa siku ya tatu ni vitu ambavyo thamani yake si kubwa machoni pa sheria, lakini kwa kaya ya Chome, Mbaga au Kihurio ni akiba ya msimu mzima. Wengi huona gharama ya kudai itazidi kile kinachodaiwa, wakanyamaza. Wengine hukimbilia pasipohusika, wakapoteza nauli na muda. Ipo njia ya kati, nayo ni Mahakama ya Mwanzo. Anayeingia kwa mlango sahihi, mapema, akiwa na ushahidi wake mkononi, anaweza kudai kuku wake na ng'ombe akabaki zizini.

Hakuna mahakama ya pekee, lakini mlango upo

Baadhi ya nchi jirani zimeunda utaratibu maalumu kwa madai ya namna hii. Kenya ilitunga Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016. Mahakama hizo zilianza kazi mwaka 2021 zikiwa na uwezo wa kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya, na sheria inazitaka kumaliza shauri ndani ya siku 60. Uganda iliweka kanuni zake mwaka 2011 kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10 za nchi hiyo.

Tanzania Bara haina mahakama yenye jina hilo. Kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na Mahakama ya Mwanzo, ambayo inaongozwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, sasa Sura ya 11 ya Sheria za Tanzania. Kwa sheria hiyo, Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza dai la deni linalotokana na mkataba endapo thamani yake haizidi shilingi milioni 30. Kiasi hicho kinatosha kubeba karibu kila ugomvi wa dukani na gulioni.

Mambo matatu huifanya mahakama hii iwe karibu na mwananchi. Kwanza, lugha yake ni Kiswahili tangu mwanzo, kabla hata ya mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa ujumla. Pili, dai linaweza kuletwa kwa maandishi au kwa mdomo, na linaloletwa kwa mdomo huandikwa hapo hapo mahakamani. Tatu, mdai hahitaji wakili. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa katika mahakama hii. Tangu mwaka 2021 wanaruhusiwa pale inapoongozwa na Hakimu Mkazi, lakini kuwa na wakili si sharti. Aidha, katika shauri la madai mahakama inaweza kumruhusu ndugu au mtu wa kaya ya mhusika kusimama kwa niaba yake. Ruhusa hiyo ni msaada mkubwa kwa mzee wa milimani asiyeweza kushuka kila mara, au kwa mwenye mgonjwa nyumbani.

Haki aliyonayo mnunuzi

Haki ya mnunuzi haitegemei huruma ya muuzaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, huingiza katika mkataba wa mauzo masharti ambayo hayahitaji kuandikwa wala kutamkwa: kwamba muuzaji ana haki ya kuuza bidhaa hiyo, kwamba bidhaa inalingana na maelezo yaliyotolewa, na kwamba, pale mnunuzi alipoeleza matumizi anayoyakusudia akautegemea ujuzi wa muuzaji wa bidhaa za aina hiyo, bidhaa itafaa kwa matumizi hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, Sura ya 285, huongeza ulinzi kwa kukataza udanganyifu na maelezo ya uongo katika biashara, na kwa kuweka masharti ya lazima katika mikataba ya walaji.

Kwa sababu hiyo, tangazo lililobandikwa ukutani au kuchapwa chini ya risiti likisema kwamba mali ikishauzwa hairudishwi halimwondolei muuzaji wajibu aliowekewa na sheria. Hata hivyo, mnunuzi naye aelewe mpaka wa haki yake. Aliyenunua koti akagundua nyumbani kwamba rangi haimpendezi hana dai la kisheria. Kadhalika, aliyeonyeshwa kasoro kabla ya kulipa, akakubali kununua kwa bei ya chini kwa ajili ya kasoro hiyo, hawezi kugeuka baadaye akailalamikia.

Jambo jingine ni muda. Mnunuzi anayeendelea kutumia kitu kibovu kwa kipindi kirefu bila kumjulisha muuzaji huweza kuhesabiwa kuwa amekikubali, na haki yake ya kukirudisha ikapungua. Taarifa ya kasoro itolewe mara tu kasoro inapoonekana.

Kabla ya mahakama

Chukulia mfano wa mkulima wa mboga wa Kihurio aliyenunua pampu ya maji Same mjini kwa shilingi 450,000. Muuzaji alimwambia kuwa pampu ni mpya na itavuta maji kutoka mtoni hadi shambani kwake. Siku ya tatu pampu ilizima. Fundi aliifungua akakuta vifaa vya ndani vimechakaa, ishara kwamba ilikuwa imetumika. Muuzaji akajibu kwamba pampu iliharibiwa na mkulima mwenyewe.

Hatua ya kwanza ya mkulima huyo ni kukusanya ushahidi. Risiti ya mashine ya kielektroniki ndiyo nguzo, kwa kuwa huonyesha nani aliuza, lini na kwa bei gani. Ikiwa malipo yalifanywa kwa simu, ujumbe wa muamala usifutwe. Kadi ya dhamana, picha za kifaa, namba yake ya utambulisho na ujumbe alioandikiana na muuzaji vyote vihifadhiwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ushahidi wa aina hiyo. Kifaa chenyewe kisipitishwe mikononi mwa mafundi wengi, kwani kila mkono unaokigusa humpa muuzaji sababu mpya ya kujitetea. Fundi mmoja aliyekifungua aandike alichokiona, na awe tayari kuja kueleza kama shahidi.

Hatua ya pili ni kumrudia muuzaji kwa maandishi. Barua ya madai haihitaji maneno makali. Inatosha itaje tarehe ya manunuzi, kitu kilichonunuliwa, bei, kasoro iliyoonekana, kinachodaiwa, yaani kurejeshewa fedha, kubadilishiwa au kutengenezewa, na siku za kujibu, kwa mfano 14. Nakala ibaki kwa mdai, ikiwezekana ikiwa na saini ya aliyeipokea. Migogoro mingi huishia hapa, kwa kuwa mfanyabiashara anayeona kwamba mteja ameweka kumbukumbu huona pia kwamba shauri halitakuwa la maneno matupu.

Hatua ya tatu ni usuluhishi. Baraza la Kata, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1985, lina jukumu la kuleta amani na maelewano katika eneo lake, na wazee wanaoheshimiwa na pande zote mbili wanaweza kusikika pale barua iliposhindwa. Makubaliano yoyote yanayofikiwa yaandikwe na kusainiwa mbele ya mashahidi, yakionyesha kiasi na tarehe ya kulipa.

Kila lalamiko na mlango wake

Si kila lalamiko la mnunuzi huanzia mahakamani. Zipo mamlaka zilizoundwa kwa sekta maalumu, na kuzitumia hakuhitaji kufungua shauri. Malalamiko ya umeme, maji, mafuta na gesi hushughulikiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA); ya simu na vifurushi na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA); ya nauli na huduma za mabasi na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Mteja wa benki au wa taasisi ya mikopo huelekea Benki Kuu ya Tanzania, na wa bima huelekea Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Kwa kawaida mlalamikaji hutakiwa kuonyesha kwanza kwamba alimweleza mtoa huduma husika na hakuridhika.

Kwa wakulima wa tangawizi, mpunga na mahindi wa Same, milango mingine ina uzito wa pekee. Mbegu zinazotiliwa shaka hupelekwa kwa Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI), mbolea kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA), na viuatilifu kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Mizani na vipimo visivyo sahihi ni kazi ya Wakala wa Vipimo (WMA), na bidhaa zisizokidhi viwango ni kazi ya Shirika la Viwango (TBS). Bidhaa bandia na udanganyifu wa kibiashara huripotiwa kwa Tume ya Ushindani (FCC).

Tofauti kati ya mamlaka hizi na mahakama ni muhimu. Mamlaka hulinda soko zima; taarifa ya mnunuzi mmoja inaweza kuwaokoa wengine mia. Mahakama ya Mwanzo huangalia deni lililopo kati ya watu wawili. Mkulima wa Kihurio anaweza kutoa taarifa FCC kuhusu pampu kuukuu inayouzwa kama mpya, na wakati huo huo akadai shilingi 450,000 zake mahakamani.

Kituo cha polisi ni mlango wa makosa ya jinai, kama vile utapeli au wizi. Kutolipa deni la kiraia si kosa la jinai, na polisi si wakusanya madeni. Anayemfikisha muuzaji polisi kwa lengo la kumtisha ili alipe hupoteza muda ambao angeutumia kuandaa dai lake.

Kufungua shauri

Shauri hufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo yenye mamlaka mahali ambapo dai lilizuka, au mahali anapoishi ama kufanyia kazi mdaiwa. Kwa mfano wa pampu iliyonunuliwa Same mjini, mahakama inayohudumia mji huo ndiyo inayofaa. Mkulima asidhani kwamba shauri litamfuata shambani kwa kuwa tu pampu iko huko.

Jambo linaloangusha madai mengi ni jina la mdaiwa. Maandishi yaliyo juu ya mlango wa duka mara nyingi ni jina la biashara tu, na jina la biashara si mtu anayeweza kushtakiwa. Mdai atafute jina la mmiliki katika risiti au katika leseni ya biashara inayotakiwa kuonekana dukani. Ikiwa biashara ni kampuni, jina kamili la kampuni litumike. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) ndiye mwenye kumbukumbu za majina na kampuni zilizosajiliwa.

Jambo la pili ni kiasi cha dai. Mkulima ambaye mboga zake zilikauka kwa kukosa maji huona kwamba hasara yake si pampu pekee. Hisia hiyo inaeleweka, lakini Mahakama ya Mwanzo imepewa mamlaka juu ya deni linalotokana na mkataba. Bei iliyolipwa, yenye risiti, ni ardhi imara. Fidia ya hasara iliyofuata ni dai gumu zaidi kulithibitisha, na linaweza kuibua hoja kwamba shauri liko nje ya uwezo wa mahakama hiyo. Mdai mwenye busara huuliza kwanza.

Wa kuulizwa wapo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hutoa ushauri na kusaidia kuandaa madai bila malipo kwa wasio na uwezo. Karani wa mahakama naye hueleza utaratibu, ada inayotakiwa na namna ya kuilipa, ingawa si kazi yake kumshauri upande mmoja jinsi ya kushinda. Malipo yote hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali na stakabadhi hutolewa. Fedha isiyo na stakabadhi si ada ya mahakama.

Siku ya kusikilizwa

Baada ya dai kupokelewa, mdaiwa hupelekewa samansi. Akikiri, mahakama hutoa hukumu au huandika makubaliano ya namna ya kulipa. Akikana, shauri hupangiwa siku ya kusikilizwa. Mdai asipofika bila sababu, shauri lake linaweza kufutwa. Mdaiwa aliyepata samansi asipofika, shauri linaweza kusikilizwa kwa upande mmoja.

Mdai ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha. Katika shauri la madai hatakiwi kuondoa kila shaka, kama ilivyo katika jinai. Hutakiwa kuonyesha kwamba maelezo yake yana uzito kuliko ya mwenzake. Hapa ndipo maandalizi ya awali yanapolipa. Mkulima wa Kihurio aliye na risiti iliyoandikwa pampu mpya, barua iliyopokelewa na muuzaji, na fundi aliyeona vifaa vilivyochakaa, ana mizani inayoinama upande wake. Aliye na hasira peke yake hana cha kuweka kwenye mizani.

Maelezo yawe mafupi na yafuate mtiririko wa matukio. Kila upande una haki ya kumuuliza mwenzake maswali, na maswali hayo si matusi hata yanapouma. Mahakama ya Tanzania imejiwekea lengo la kumaliza mashauri ya Mahakama za Mwanzo ndani ya miezi 6, na mengi ya madai madogo yanaweza kwisha mapema zaidi ikiwa pande zote zinafika kwa tarehe zilizopangwa.

Hukumu si fedha

Kushinda na kulipwa ni mambo mawili. Mdaiwa asipolipa kwa hiari, mdai hurudi mahakamani kuomba kukazia hukumu. Mahakama inaweza kuamuru deni lilipwe kwa awamu, au mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa kupitia dalali wa mahakama. Mdai haruhusiwi kwenda dukani kuchukua bidhaa kwa mkono wake, hata akiwa na hukumu mfukoni. Kufanya hivyo kunaweza kumgeuza kutoka mshindi kuwa mtuhumiwa.

Kwa hiyo, kabla hata ya kufungua shauri, mdai ajiulize kama mdaiwa ana mali au biashara inayoonekana. Mwenye duka la kudumu Same mjini ana cha kupoteza. Mchuuzi aliyepita gulioni mara moja, asiyejulikana jina wala makazi, ni vigumu hata kumfikishia samansi. Risiti na anuani ya muuzaji ni kinga inayochukuliwa siku ya kununua. Baada ya hapo muda wake umepita.

Rufaa: mahali ng'ombe anapouzwa

Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na kwa wakazi wa Same mahakama hiyo iko mjini Same. Kutoka hapo, rufaa nyingine huenda Mahakama Kuu, Moshi, nayo pia ndani ya siku 30. Haki hiyo ni ya kila mmoja, na yapo mashauri yanayostahili kuifuata.

Lakini ni katika ngazi hizi kuku huanza kula ng'ombe. Mdai anayetoka milimani hulipa nauli ya kushuka na kupanda, hulala ugenini mvua za masika zinapoharibu barabara, na huacha shamba bila mtu. Pampu ya shilingi 450,000 inaweza kufidiwa kwa safari tatu au nne za Same mjini. Haiwezi kubeba safari za Moshi na malipo ya wakili. Mshindi huweza kupewa amri ya kulipwa gharama za shauri, ila amri hiyo nayo hukusanywa kwa njia ile ile ya kukazia hukumu. Mdai aweke mpaka wake mwanzoni: kiasi atakachotumia, na makubaliano atakayoyapokea. Muuzaji anayeahidi kurejesha shilingi 400,000 leo, kwa maandishi na mbele ya hakimu, huenda ametoa zaidi ya hukumu ya shilingi 450,000 itakayosubiriwa mwaka mzima.

Mpare wa kwenye kisa hakukosea kudai kuku wake, kwani kuku alikuwa mali yake. Alikosea kuchelewa kuhesabu. Kwa mnunuzi wa leo hesabu huanzia dukani: kudai risiti, kuikagua kama jina na bidhaa vimeandikwa sawasawa, na kuiweka mahali pasipofikiwa na mvua wala panya.